Madini ya Kahawa

Jumatano, 9 Julai
Nimekaanga buni asubuhi. Nimetwanga mwenyewe. Mkono wa kulia unauma, lakini kahawa ya unga ya dukani siitaki, inanuka boksi. Tangawizi, iliki kidogo. Sukari hapana. Kahawa ya sukari ni chai iliyopotea njia.
Nasra kaenda kliniki. Mjukuu wangu, binti wa Rehema wangu, mimba ya miezi mitano. Mumewe anaendesha lori la Zambia, akitoka harudi mpaka tumeisahau sura yake. Nasra yuko kwangu hapa Kiwalani tangu mwezi wa tano. Rehema alitaka amchukue kwake Mikocheni. Nasra akasema hapana, nataka kwa Bibi. Nilijifungia chooni nikalia kwa furaha. Tangu Mzee wangu afariki nilikuwa naongea na redio.
Karudi saa saba. Damu ndogo. Nesi kasema kapungukiwa madini ya chuma. Kapewa vidonge vyekundu, kimoja kila siku.
Madini. Mie madini nayajua ya machimbo ya Mererani, tena kwa kusikia.

Ijumaa, 11 Julai
Mama Neema kapita. Mwalimu, jirani yangu ukuta kwa ukuta, mtu wa Moshi. Kaniletea buni za shambani kwa mama yake. Nikampa kikombe. Akasema, bibi, hii si starehe tu, ina vitamini pia. Kafungua simu akanisomea. Vitamini B, sijui ya ngapi. Potasiamu. Magnesiamu. Hayo mawili ni madini, akasema.
Nikamwambia rudia hapo.
Akarudia. Madini, bibi. Yamo, kidogokidogo.
Hiyo kidogokidogo sikuishika. Shule sijakanyaga. Herufi kanifundisha Mzee baada ya ndoa, kwa mkaa sakafuni. Lakini hili nimelielewa mara moja. Mtoto kapungukiwa madini. Kahawa ina madini. Basi.

Jumamosi, 12 Julai
Nasra kameza kidonge kwa kahawa yangu. Vikombe viwili, chungu tupu.
"Bibi, hii kahawa au adhabu?"
Kunywa mke mwenzangu, nikamwambia. Babu yako kainywa miaka arobaini, kazikwa na meno yake yote. Kacheka mpaka kapaliwa. Nyumba ikasikika hadi kwa Mama Neema.

Jumapili, 20 Julai
Kila siku. Anakula, anameza, anakunywa. Nasimama palepale mpaka kidonge kiteremke. Sasa kaizoea, saa kumi anaidai mwenyewe. Tunakaa barazani, anachambua mchele, ananisomea ya kwenye simu, ndoa za watu na talaka za watu. Choo chake cheusi, kaogopa. Nikamwambia ndiyo dawa inafanya kazi.
Nimelala vizuri wiki nzima. Sina kumbukumbu ya wiki nyingine kama hii.

Jumanne, 29 Julai
Nimemkuta anatafuna udongo. Ule wa wajawazito, wa kununua sokoni. Kauficha chini ya mto kama mwizi. Nimefoka. Kisha nimemtazama vizuri nikanyamaza. Kuvuka kizingiti cha mlango tu, anahema. Nimemvuta kope ya chini, ndani kweupe.
Mama yangu mdogo alifia kwenye uzazi. Damu haikumtosha. Nilikuwa nimemshika miguu, nikaisikia ikipoa.
Nimeongeza kikombe. Sasa vitatu.

Jumatano, 6 Agosti
Damu imeshuka. Imeshuka!
Nesi kamgombeza mbele za watu. Vidonge humezi, unatupa. Kamuuliza unamezea nini, isije ikawa chai au kahawa. Nasra kasema maji.
Kanisimulia mwenyewe, macho chini. Nikamuuliza, kwa nini hukusema kahawa? Akasema: "Wangekusema wewe, Bibi."
Sijaelewa. Kabla sijamuuliza zaidi, gari la Rehema mlangoni. Kashapigiwa simu na kliniki. Kamfungashia Nasra nguo hata hajakaa.
"Mama, umri umekwenda. Kumwangalia mjamzito huwezi."
Nikasema umri umekwenda, ndiyo, lakini kidonge anameza, mbele ya macho haya, kila siku ya Mungu. Hakusikia. Nasra kachukua kopo la kahawa akalikumbatia kama mtoto. Wakaondoka.
Nimebaki nimesimama na ufagio. Sikuwa nafagia.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimemwita Mama Neema. Nisomee tena, safari hii mpaka mwisho.
Kasoma. Kafika mahali kasimama, kanitazama. Nikasema soma, usinionee huruma.
Kahawa ikienda pamoja na chakula au kidonge, inakizuia chuma kisiingie kwenye damu. Chai vilevile. Na hayo madini ya kwenye kahawa siyo chuma. Ni mengine. Mama Neema akasema madini ni kama kusema samaki. Dagaa samaki, papa samaki.
Kalia, anasema kosa lake. Nikamwambia acha upuuzi, wewe ulisoma vizuri, mie ndiye niliyesikia nusu.
Nimemnyima mtoto wangu damu kwa mkono wangu. Nimeliandika kwa herufi kubwakubwa ili nilione.
Na Nasra jana kalijua hilo. Kadanganya ili nisidharauliwe.
Tunajua watatu tu. Nikinyamaza, mama yake ataendelea kuamini anatupa dawa. Na kopo analo kule, atakunywa. Nikisema, hatarudi kwangu. Nimeyaona yote mawili, wazi kabisa. Nimekaa nayo tangu adhuhuri.

Ijumaa, 8 Agosti
Sikukuu ya Nane Nane, Rehema yuko nyumbani. Nimekwenda Mikocheni. Nimevaa khanga mpya kama naenda kuposa.
Sikukaa. Nimesema nikiwa nimesimama. Mtoto hajatupa hata kidonge kimoja. Vyote kameza. Kameza kwa kahawa, na kahawa nilimpa mie, nikasimamia.
Nasra: "Bibi, usiseme." Nikasema nasema.
Rehema kanitazama. Anafanana nami akikasirika, pua inapanuka. "Umri wote huo, Mama. Kuuliza tu ilikuwa kazi?"
Kweli. Nilikuwa nimefurahi mno kuwa na la kumpa. Sikumwambia hivyo. Nimeandika hapa.
Nikampa alichoniandikia Mama Neema. Kidonge kwa maji, ukamulie ndimu au chungwa. Kahawa kaa nayo mbali, masaa mawili. Rehema kasoma, kabandika kwenye friji.
Kasema Nasra atabaki kule mpaka ajifungue. Nikasema sawa. Nasra kanishika khanga mlangoni kama alipokuwa wa miaka mitatu. Nimeutoa mkono wake kidole kimoja kimoja.

Jumatatu, 11 Agosti
Kliniki. Nimepanga foleni na wajawazito, wananiangalia tumbo. Mmoja kauliza bibi una miezi mingapi. Nikamwambia themanini. Wamecheka.
Nesi mdogo tu, umri wa Nasra. Nikamwambia yule uliyemgombeza hana kosa, mgombeze mie. Akanishika mkono. Bibi, wengi wanafanya hivyo, hasa na chai, hata wasomi. Akaandika kwenye faili la Nasra kitu kirefu.
Nilitaka anifokee. Hakunifokea. Nimerudi na maumivu yangu yote.

Jumapili, 17 Agosti
Hakuna kitu. Redio.

Jumamosi, 23 Agosti
Saa kumi nimetoka barazani na vikombe viwili. Mkono umezoea. Kimoja nimekirudisha ndani.
Mama Neema alipita kusalimia, shikamoo bibi, marahaba, akaenda sokoni. Hayo ndiyo maneno yangu ya leo yote.
Namkasirikia Rehema. Halafu nakumbuka, ningekuwa yeye ningefanya vilevile, tena ningetukana. Mwanangu kanizidi adabu.

Jumatano, 3 Septemba
Leo ni kliniki ya Nasra. Sikugusa kazi asubuhi nzima. Nimeiweka simu mapajani.
Rehema kapiga saa sita. Damu imepanda. Haijafika wanapopataka, lakini imepanda. Anakula mchicha, anakula maini, udongo kaacha. Mtoto anacheza. Kisha kasema nesi kakusalimia.
Nikasema alhamdulillahi. Nikasema tena.
Nasra kachukua simu. "Mke mwenza, umekula?"
Nikasema nimekula. Nimeshiba.
Nilikuwa sijala tangu jana. Sufuria kavu. Tulipoagana nimekaa, nikaisikiliza nyumba. Kisha nimeinuka, nimeosha mchele wa mtu mmoja, nikakata mchicha, nikawasha jiko. Nimepakua. Nimekula pole pole mpaka sahani ikaisha.
Sasa ni kweli.