Kahawa ya Mafundi

Salma mjukuu wangu,

Huku sote wazima, na dada yako kajifungua binti, nyumba nzima meno nje.

Umeniuliza kwa nini kwetu mafundi hutiliwa kahawa kabla ya wageni. Mwaka wa sabini, tukijenga nyumba hii ya Maskati, baba alimkaribisha tajiri mmoja wa Kijerumani. Akawatazama mafundi wetu, akasema kwa Kiarabu chake cha kuombea maji, "Mnawalipa? Zama za Wanazi mimi nilipewa mateka, wakafanya kazi kiwandani kwangu bure. Nikatajirika."

Kisha akanyoosha kikombe aongezwe. Baba akampita na dele la kahawa, akawaita mafundi zuliani, akawatilia mmoja mmoja. Halua tuliimaliza nao kwa vicheko.

Kikombe cha yule mgeni bado nnacho. Leo kaja fundi bomba, nikamtilia katika hichohicho. Akaomba tena, nikamwongeza.

Bibi yako