Baba Yake Msichana wa Farasi

Msambweni,
16 Agosti 1965

Kwa mdogo wangu mpenzi Mwanaima binti Chirau,

Assalaamu alaykum. Waraka huu naomba ukukute u mzima, na baridi ya huko Nyeri iwe imekuhurumia. Sisi huku tu salama, alhamdulillahi. Mama anakusalimu sana. Goti lake limepata nafuu tangu ulipomtumia ile dawa ya kuchua. Mjomba Abdurahman alipita Ijumaa akitokea Vanga, akauliza kama huko chuo cha ukunga umekwisha anza kuzalisha peke yako au bado unasimamiwa. Nilimjibu kwamba bado miezi minne. Baba hajambo. Najua umezoea kuliona jina lake limekaa hivyo katika barua zangu, halina salamu nyuma yake. Leo nina mengi juu yake, lakini niache nianzie mwanzo.

Wiki mbili zilizopita lilikuja gari la sinema la serikali, likasimama katika uwanja wa shule yetu. Watu walijaa baada ya swala ya isha, wengine wametembea kutoka Gazi na watoto mgongoni. Bahati mbaya yule bwana anayefasiri maneno ya Kizungu alikuwa ameshikwa na homa njiani, amelala garini akitetemeka. Dereva akauliza ni nani anayejua Kiingereza. Mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Baya, akanisukuma mbele, nikapewa kipaza sauti. Hivyo ndivyo kaka yako alivyogeuka kuwa sauti ya watu wote wa sinema, wake kwa waume.

Ilikuwa hadithi ya msichana wa miaka kumi na mitatu hivi, anayeishi shambani na baba yake. Kaka yake alikufa kwa kuanguka kutoka juu ya farasi, kwa hiyo baba amemkataza binti hata kugusa hatamu. Naye moyo wake wote uko kwa farasi mmoja mchanga, mwoga, asiyekubali kupandwa na mtu. Akawa anajifunza kwa siri. Alianguka, akainuka. Akaanguka tena, akavunjika mkono. Mkono ulipounga akarudi kwa farasi wake. Mwisho akaingia katika mashindano ya kuruka viunzi, na baba yake akapata habari, akaja mbio hadi uwanjani. Binti hakuwa wa kwanza. Alikuwa wa tatu. Lakini vigelegele vilivyopigwa hapa ungedhani tunapata uhuru mara ya pili.

Tangu siku ile hakuna mazungumzo mengine mjini. Bi Tumu, yule muuza mahamri, anasema amezaa watoto tisa na hajapata kuona mtoto anayeanguka mara tano asimlilie mama yake. Haji, mwenye punda wa kubeba nazi, alikubali kwamba binti anastahili sifa, ila alisema farasi anastahili zaidi kwa kuwa alikubali kufundishwa. Punda wake yeye ana mwaka wa sita na bado hajakubali. Watu walimsubiri Maalim Jumbe wa chuoni ailaani ile suruali aliyoivaa binti. Alisema kweli suruali hakuipenda, lakini Mwenyezi Mungu ameapa kwa farasi waendao mbio, na anayemtuliza mnyama wa namna ile bila ya kumpiga mjeledi amejaaliwa subira ambayo wengi wetu hatunayo. Mwalimu Baya peke yake ndiye aliyetia dosari, akadai kwamba pale farasi alipokuwa mbali, aliyempanda alikuwa mwanamume mzima aliyevishwa nguo za binti. Wanawake walimzomea mpaka akanyamaza. Hata mwanafunzi wangu Mwanapili, wa darasa la tatu, alinifuata akaniuliza kwa adabu kama huko Kwale kuna shule ya kupanda farasi.

Baba naye alikuja, Mwanaima. Alisimama nyuma kabisa, ameegemea bakora yake, hakuketi mpaka mwisho. Siku ya tatu, Mama akaniambia, alimwita akamwambia kwamba yule baba wa kwenye sinema amefanya jambo zito, kwa kuwa si rahisi mtu mzima kumwomba radhi mwanawe mbele za watu. Kisha akamwuliza Mama kama barua zako bado anazo. Akazileta zote. Hakuzisoma, unajua macho yake, lakini alikaa nazo mapajani mpaka adhuhuri.

Mama alinieleza hayo huku anafuta machozi ya furaha. Mimi nikaingiwa na hofu, na sababu yake sikuweza kumwambia hata yeye. Sasa nakwambia wewe.

Yule baba mzungu hakumwomba radhi mtu. Binti aliposhuka juu ya farasi, baba yake alisema tu, amefanya vyema, waende nyumbani. Basi. Lakini nilipokishika kile kipaza sauti nilimwona Baba kule nyuma, nikakumbuka asubuhi uliyoondoka bila ya idhini yake, Mjomba amekubebea sanduku, Baba amegeukia ukuta. Maneno yakanitoka kabla sijayapima. Nilisema: “Mwanangu, nilikukataza kwa hofu yangu, si kwa kosa lako. Tangu ulipoondoka nyumba imenishinda. Nisamehe, urudi.”

Sikuweza kuliacha lile likae. Kumdanganya mzazi, hata kwa jema, ni kumdanganya mzazi. Juzi alasiri nikamfuata shambani, alikuwa anafua nazi. Nikapiga magoti nikamweleza yote. Hakusimamisha kazi. Alifua nazi ya kwanza, akafua na ya pili, ndipo akasema:

“Yule mtu alifumbua kinywa mara moja akakifumba. Wewe ukasema mpaka farasi amekwisha ondoka.”

Akaishika nazi ya tatu.

“Halafu nikajiuliza,” akaendelea, “yule binti aliondoka lini? Siku zote tulimwona pale pale kwao.”

Nilimwomba radhi. Akaniinua kwa mkono wake wenye makumbi ya nazi, akatazama upande wa barabara. Kisha akasema: “Mwandikie Mwanaima. Mwambie maneno yale ni yangu. Usiongeze mengine.”

Sikuongeza, mdogo wangu. Nimekuandikia yalivyo. Ila amenituma nikuulize likizo yako inaanza tarehe gani, kwa kuwa anataka kuja mwenyewe kukupokea kivukoni Likoni, na Mama amekwisha anza kuipiga pasi kanzu yake ya Idi.

Jibu upesi, na safari hii juu ya bahasha andika jina lake. Wasalimie wenzako wa huko chuoni. Mama, Mjomba na majirani wote wanakuombea dua, na Baba anakusalimu.

Ni mimi kaka yako akupendaye,
Salimu Chirau