Aliyeshika Farasi wa Wenzake

Mwaka umetimia, Baba, tangu tukuzike kando ya kanisa la Cedar Hollow, na ghala bado linanuka tumbaku yako.

Wewe, Orrin Tuttle, ulikuwa mpole kwa mtu na mnyama. Farasi wa jirani akichechemea, ulimtazama kwato hata kabla ya kusalimiana na mwenyewe. Mezani ulituhesabu moja hadi nne, kama vitani, na wa nne ndiye aliyekwenda kulisha farasi. Tulishangaa mbona kila mara wa nne ni wewe.

Uzeeni uliandika historia ya kikosi chenu, wakulima wa Iowa waliojitolea kuupigania Muungano wa Marekani dhidi ya majimbo yaliyoasi, kwa farasi waliotoka nao nyumbani. Kila mtu ulimtaja, isipokuwa wewe. Tulichojua ni kwamba watatu wakishuka kupigana kwa miguu, wa nne hubaki nyuma na farasi wao wote, nawe ulikuwa wa nne. Kwenye mikutano ya wakongwe, Silas Crouse, mwenzako wa kikosini, hakuacha kukucheka.

"Orrin, ile bunduki yako ilishika kutu?"

"Ilishika, ndugu yangu. Hebu sogeza hiyo kahawa."

Ulicheka. Sisi wanao ilituuma. Vita vya kijito cha Sorrel uliviandikia mistari miwili tu, nasi tukataka kujua kabla kitabu hakijachapwa: siku ile baba yetu alijificha?

Kiangazi hiki, mkutanoni, Mama alimuuliza Silas mwenyewe. Silas aliweka pai yake chini.

"Waasi walitutokea nyuma, sisi washika farasi. Kuna walioachia hatamu wakakimbia."

"Nani hao?"

"Mimi, shemeji. Wenzangu watatu walirudi wakakuta hakuna farasi. Wakafia pale. Orrin alibaki na wake wanne, risasi zinampita, mpaka watu wake wakafika wakapanda. Aliniona nikikimbia. Hakumwambia mtu hata siku moja, na mimi nikaona afadhali nimcheke."

Tulilia, Baba, kwa fahari na kwa aibu ya kukushuku. Mama alimkatia Silas kipande kingine cha pai. Mistari yako miwili hatukuigusa. Wa tatu ameuandika Silas kwa mkono wake.

Wanaokukumbuka ni mkeo Lavinia, wanao Almira na Thaddeus, na wajukuu zako. Hututoki moyoni maisha yetu yote. Mezani bado tunahesabu, Baba, na siku hizi tunagombania kuwa wa nne.