Nyumba Yetu ya Chemchem, Tuliyopanga

Baba,

Shikamoo. Nilizoea kuisema mlangoni kabla sijavua viatu, nawe ukaitikia kutoka uani, randa mkononi, mbao zimekuzunguka. Leo naiandika tu.

Nyumba imeuzwa. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu wa kuzungukazunguka. Arobaini yako ilipopita, Kaka Shabani na Baba Mdogo walituketisha sebuleni, wakasema Chemchem bei zimepanda tangu mafundi wa reli mpya na wanafunzi wa vyuo waanze kugombea vyumba, na tusipouza sasa tutajuta. Mama alinyamaza. Mimi nilisema, nikaambiwa ninyamaze pia.

Unayakumbuka yale maandishi? Ulisikia kuna matapeli wanauza nyumba za watu waliosafiri, ukachukua rangi ya kijani iliyobaki kwenye milango, ukapanda ngazi, ukaandika kwenye ukuta wa mbele: NYUMBA HII HAIUZWI. Mimi niliishika ngazi. Ulianza na herufi kubwa mno, neno la mwisho likabanana kwenye kona, tukacheka. "Tapeli akija asome mwenyewe," ulisema. Baba, matapeli walisoma wakaenda zao. Waliouza ni watu wa humu ndani.

Fungu la mirathi la Mama na langu halikutosha hata kiwanja cha pembezoni, basi tukatafuta chumba. Wewe vyumba vya uani ulivipangisha mwezi kwa mwezi, na mpangaji aliyefiwa ulimwambia, "Utanipa ukirudi." Siku hizi wanataka miezi sita mbele, na dalali anataka kodi ya mwezi mzima kwa kazi ya kukuonyesha mlango. Tulionyeshwa banda la kuku lililopigwa plasta. Tulionyeshwa chumba ambacho kitanda cha Mama kingeingia, Mama mwenyewe akabaki nje.

Jumatatu moja dalali akanipigia simu: amepata chumba kizuri, Chemchem, mwenye nyumba yuko Dar, hana maneno. Nilipoona bodaboda inakata kona ya kwetu nilitaka kumwambia dereva asimame. Dalali alinifungulia mlango ulioutengeneza kwa mikono yako, akaanza kunielekeza swichi ya taa iko wapi.

Tumepanga, Baba. Nilikasirika, lakini miguu ya Mama inavimba, na hapa anakifikia choo bila kushikwa mkono. Kodi tumeilipa kwa lile lile fungu la mirathi. Hela zimetoka kwa tajiri wa Dar, zimepita kwetu kutusalimia, zimerudi kwake. Mama analala chumba chenu. Kaka Shabani alikuja Idi, akapiga hodi kama mgeni, akasema tumebahatika kupata pazuri. Nilimpa chai, sukari nikaisahau makusudi.

Mwenye nyumba alipaka chokaa juu ya maandishi yako, mkono mmoja tu, kwa ubahili wake. Mvua za mwaka huu zimeiosha. Lilianza kutokea NYUMBA, likafuata HII, na juzi nimeliona lile neno lililobanana kwenye kona. Watu wanapita wanasoma, wengine wananitazama wanacheka. Tajiri amesikia, ametuma ndoo ya chokaa, anasema mpangaji ndiye apake. Ndoo iko uani na mfuniko wake. Asubuhi Mama huikalia akiota jua.

Sasa nakuaga, Baba, Mama ananiita. Nyumba yako siwezi kuinunua, na sitakudanganya kwamba siku moja nitaweza. Ninachokuahidi ni kwamba maadamu tunalala humu, ndoo ile haitafunguka kwa mkono wangu. Anayetaka kukufuta, apande ngazi mwenyewe. Mimi simshikii.

Binti yako,
Mwajuma