Nani Alikuwa na Pacha wa Pili

14 Juni

Dada Muuguzi,

Nilimpoteza mwanangu tarehe 9 Machi, saa nne na dakika ishirini asubuhi, siku yake ya nne duniani. Naliweka hilo mwanzo kwa sababu siku zote 61 nilizokaa kwenye wodi yenu ya watoto njiti nililikwepa.

Sasa shikamoo. Mgongo wako unaendeleaje? Sisi tu wazima. Pacha aliyebaki, binti yako uliyempokea akiwa na gramu 1,140, leo ana 3,150. Nimempima kwenye mizani ya jirani muuza unga, nikatoa uzito wa shuka. Cheka tu.

Nakushukuru, dada. Ulinifundisha kukamua maziwa mara nane kwa siku hata yanapotoka matone. Ulinifundisha kumtuliza kwa viganja, kimoja kichwani, kingine miguuni, bila kumpapasa, maana kupapaswa kunamchosha. Baba Watoto alipojidai ana mafua ili asimshike, ukamwambia, "Shemeji, vua shati, mafua yako nayajua." Alikaa na mtoto kifuani kwa saa mbili, hakukohoa hata mara moja.

Lakini kuna jambo limenikaa rohoni. Asubuhi ile nilikuja na vikombe viwili, kila kimoja mililita kumi. Nikakuta inkubeta moja imetandikwa shuka safi. Ukapokea vikombe vyote viwili, ukaniambia nikae. Hakuna aliyekuja kuniita kabla. Nilikuwa chumba cha kina mama, hatua arobaini kutoka mlango wenu. Mimi ni fundi cherehani, kazi nimejifunza mwenyewe, na nikiharibu kitambaa cha mteja namwita aone kwa macho yake. Sikuuliza wakati ule kwa sababu pacha mwenzake alikuwa bado mikononi mwenu, na nani anagombana na mtu aliyemshikia mtoto?

Sasa nauliza. Mwanangu alipokuwa anakufa, alikuwa na nani?

Mdogo wako,
Mama Pacha


27 Juni

Shikamoo tena, dada.

Siku kumi na tatu, kimya. Binti ana 3,540. Sikuandika ili nikushtaki. Ningetaka kushtaki ningemwandikia mganga mkuu, na barua ingekuwa fupi zaidi.

Mdogo wako


6 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Mgongo ni ule ule. Nimefurahi mno kusikia habari za binti, ila mizani ya unga ifute kwanza.

Barua hii nimeichana mara tatu. Sasa naandika kama ilivyokuwa.

Nilikuita. Mapigo yake yalipoanza kushuka nilimtuma mhudumu wodi ya wazazi, kitanda cha kumi na mbili, kama kadi ya mtoto ilivyosema. Alikuta mama mwingine. Wewe ulikuwa umehamishiwa chumba cha kina mama jana yake jioni, na kuibadilisha kadi ilikuwa kazi yangu. Sikuibadilisha. Mhudumu alirudi akaniambia, "Hayupo," akatoka tena kukutafuta.

Daktari alijitahidi mpaka akatikisa kichwa. Moyo ulikuwa bado unapiga, kidogo kidogo. Nikamwondolea mipira yote ya hewa na maziwa, nikafungua vifungo vya sare, nikamweka kifuani, ngozi kwa ngozi. Tulikaa hivyo dakika sita. Nilimwambia, "Mama yako yuko njiani." Nilidhani ni kweli.

Hakuwa peke yake, mdogo wangu. Ulipoingia na vikombe nilikwambia amekwenda, lakini habari ya kadi ilinishinda kuisema. Hilo ni kosa la pili.

Nimeandika kuomba kuhamia kliniki ya macho. Ijumaa hii saa sita mchana nampelekea matroni barua. Miaka kumi na tisa inatosha. Mtu anayesahau namba ya kitanda asikae na watoto wa gramu elfu moja.

Nibusie binti.

Dada yako


8 Julai, Jumanne

Shikamoo dada,

Barua yako imefika jana. Baba Watoto alinisomea nikiwa nanyonyesha. Alipofika pale pa "mama yako yuko njiani" akasema miwani imeingia ukungu. Hana miwani.

Nimekasirika, sikufichi. Dakika zile sita zilikuwa zangu. Hasira hiyo itachukua muda wake, nawe utaivumilia.

Ila nimepiga hesabu. Siku 120 nimelala nikijua mwanangu alikufa ndani ya kioo, ametazama taa, hana mtu. Kumbe alikuwa anasikia moyo wa mtu, na mtu huyo alikuwa anamtaja mama yake. Jana nimelala vizuri kwa mara ya kwanza. Asante, dada. Asante kwa kumshika, na asante kwa kuniambia ya kadi, maana ungeweza kuinyamazia nisijue maisha yangu yote.

Sasa kazi. Inkubeta zenu ni kumi na mbili. Nimeshona vifuko kumi na viwili vya plastiki laini inayofutika, vya kuning'inizwa mbele. Ndani inakaa karatasi moja tu: mama yuko wapi sasa hivi. Akihamishwa, anaibadilisha mwenyewe, au aliye naye anaibadilisha. Muuguzi mwenye watoto sita kwa zamu asibebeshwe na hilo. Na wewe ndiye utakayewafundisha kina mama, kwa sababu unajua kinachotokea karatasi isipobadilishwa. Muuguzi mgeni hajui.

Kwenye macho watapata mtu mwingine. Wa kumvua shemeji yake shati sijui wodi yenu itamtoa wapi.

Baba Watoto ataleta vifuko Alhamisi saa nne asubuhi. Hataondoka mlangoni kwenu bila jibu, na unamjua akikaa. Sitaki maelezo, yaandike siku nyingine. Neno moja tu, kabla ya saa sita mchana ya hiyo Alhamisi: unabaki au unaondoka?

Mdogo wako,
Mama Pacha