Koki ya Chini

Rooty Hill, 14 Juni 2014

Baba mpendwa,

Natumaini goti limekupa nafasi ya kulala. Huku tu wazima, isipokuwa mwanangu Abigail: ana vipele mgongoni, na daktari amebadilisha mafuta mara mbili bila faida. Mama yupo, ila amekuwa kimya tangu aunguze birika la umeme nami nikamkataza kugusa chochote jikoni na bafuni. Jana aliuliza kama anaweza kurudi Othaya mapema.

Kinachonisumbua zaidi ni boila ya kupasha nyumba joto. Kila asubuhi naongeza maji mpaka kipimo cha presha kifike moja na nusu. Nikirudi kazini, sindano imelala. Fundi hakuona hata tone linalovuja. Nashuku kipimo chenyewe, lakini siamini hitimisho langu. Wewe uliyelinda boila ya kiwanda cha chai miaka thelathini, ungetazama wapi?

Bintiyo,
Waceke

Othaya, 16 Juni 2014

Binti yangu,

Goti linanidai, lakini bado linanibeba.

Boila hainywi maji. Yasipovuja, yanatekwa. Mchana nani yuko nyumbani? Kiwandani nilimfungulia mama yako koki ya chini ya boila kila alfajiri, akajaza karai. Nyote watano mlioga hayo. Yetu yalikuwa ya mto. Yako yametiwa dawa ya kuzuia kutu? Tazama mgongo wa mtoto.

Nawe umemkataza bafu mwanamke aliyevuka bahari kuogesha mjukuu. Ulitaka amwogeshe kwa mate?

Baba yako

Rooty Hill, 18 Juni 2014

Baba,

Asante kwa barua pepe, na pole kwa goti. Dawa imo, fundi aliitia Mei. Leo sikwenda kazini. Nilimkuta Mama amepiga magoti kando ya rejeta ya chumbani kwake, ile inayopashwa na maji ya boila, karai chini ya koki yake, sanduku lake la safari limefungwa, liko mlangoni.

“Sijagusa kitu chako,” akasema.

Nilikuwa nimepanga maneno kuhusu vipele. Nikasema tu kwamba maji hayo ni ya mashine, na kwamba Abigail huniteleza mikononi bafuni, anionyeshe anavyoshikwa.

“Chuo kikuu chote hicho, hawakukufundisha?” akauliza.

Sijui kama nilimstahi yeye au nilijificha mimi. Sanduku bado liko mlangoni.

Nilikuwa karibu kutia sahihi. Bomba la bafuni limefunguliwa, Abigail anacheka. Mama hakuniuliza ruhusa.

Bintiyo,
Waceke