Kapteni Alisingizia Uzito, Mimi Nilikuwa Pembeni Yake

Mshauri wangu, sijawahi kumwandikia mtu nisiyemjua na hata mume wangu hajui kama ninaandika, lakini nimekwama, naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa ndipo kura yetu ya chama inapofungwa.

Mimi ni rubani msaidizi katika shirika dogo la ndege hapa Detroit, na majina nitakayoyataja nimeyabadilisha. Kwa miaka yote niliyofanya kazi hapa hatujawahi kuwa na chama cha wafanyakazi, mkataba wetu ni kitabu anachokiandika bosi na kukibadilisha akiamka vibaya, na tunalipwa kwa zile saa ambazo ndege inatembea tu, kwa hiyo theluji ikituzuia getini tangu asubuhi hadi mchana tunakaa pale bure na tai shingoni, na ndiyo maana Kapteni Roscoe alipoanza kukusanya sahihi za kuleta chama mimi nilikuwa miongoni mwa wa kwanza kusaini, kwa sababu ndiye aliyenifundisha kazi, ni mtu mwenye heshima zake, na bila yeye hakuna ambaye angethubutu.

Mwezi uliopita bosi alikuja kwenye chumba chetu cha mapumziko na maboksi ya donati, akasema tukikataa chama marubani wasaidizi wataongezwa mshahara mara moja, na mwenzetu mmoja, Emmett, akasimama akasema, "Jamani, mimi nina familia ya kulisha sasa hivi, siyo baada ya miaka mitatu ya mazungumzo, hicho chama kitanipa nini zaidi ya kamba ya kuning'iniza kitambulisho?" na Kapteni Roscoe akamjibu mbele ya watu wote, "Kijana, neno la bosi ni kama donati zake, tamu pembeni, katikati tundu," watu wakacheka, Emmett akawa mwekundu, naye akajibu, "Mzee, wewe unastaafu karibuni, tundu utatuachia sisi," na tangu siku hiyo wawili hao hawasalimiani.

Sasa sikiliza. Emmett anaishi Marquette, huko juu kaskazini, na kama wengi wetu anakwenda nyumbani kwa kuomba kile kiti cha kukunja kilichomo katika chumba cha marubani, nyuma ya viti vyetu viwili, ambacho kapteni anaweza kumpa rubani mwenzake au kumnyima bila kutoa sababu, ingawa kwa desturi hakuna anayemnyima mwenzake. Alhamisi moja baada ya hapo tulikuwa na ndege ya mwisho ya kwenda Marquette, abiria wamejaa, kiti hicho ndicho pekee kilichobaki, Emmett akaja mlangoni na kofia mkononi akasema, "Kapteni, naomba lifti mpaka nyumbani, kesho asubuhi nina mahakama," na Kapteni bila kugeuka akasema, "Uzito, bwana. Leo haiwezekani." Emmett akanitazama mimi. Hesabu ya uzito nilikuwa nimeifanya mwenyewe, tulikuwa na nafasi ya kumbeba yeye na wengine watatu kama yeye, lakini nikainamia vitufe vyangu kana kwamba nina kazi. Emmett akaondoka. Mlango ulipofungwa Kapteni akasema, "Akapande donati," na mimi, mshauri, nikacheka.

Nilitaka kusema kitu lakini tukaanza kutembea, na kanuni yetu hairuhusu mazungumzo yoyote yasiyo ya kazi mpaka ndege ipite futi elfu kumi, na tulipozipita nikaona maneno yameshapoa, tukazungumza habari za upepo.

Kumbe ile mahakama ilikuwa ya kumwasili kisheria mtoto wa mke wake, Aila, ana miaka tisa, baba yake mzazi alishaachia haki zake, ilibaki jaji tu. Emmett alikodi gari akaendesha usiku kucha, akakuta daraja la Mackinac, la kuvukia kwenda kaskazini, limefungwa kwa sababu ya barafu inayodondoka kutoka juu, akakaa upande wa huku akilitazama, na jaji akaahirisha shauri mpaka Aprili. Mtoto alikuwa ameshonewa gauni.

Habari zimeenea, na marubani vijana waliokuwa upande wetu wameanza kusema, kama hawa wanatufanyia hivi kabla hawajapata nguvu, wakizipata itakuwaje? Kapteni anashikilia kwamba ulikuwa uzito. Mwenzetu wa kamati ya kuleta chama amenipigia akasema, "Dada, ni sentensi moja tu, sema hesabu ilibana, marubani mia sita wanakutegemea." Na Emmett naye alinikuta kwenye ngazi, hakupaza sauti, akaniuliza, "Niambie wewe, ilikuwa nzito?" nikamwambia nina haraka. Nikisema kweli nitaua chama, nikisema uwongo sijui nitakaaje kwenye kile kiti. Nifanyeje?

Rubani wa Kiti cha Kulia


Rubani,

Nianze na hiyo kanuni ya futi elfu kumi, kwa sababu umeitaja kana kwamba itakuokoa. Emmett alipokuja mlangoni ndege ilikuwa imeegeshwa, mlango wazi, abiria wanahangaika na mabegi. Hakuna kanuni iliyokufunga mdomo. Ulinyamaza kwanza, kanuni ukaikuta baadaye ukajifunika nayo. Kanuni hiyo iliwekwa ili watu wasife. Usiigeuze blanketi.

Pole, lakini. Nasema pole kwa moyo mmoja. Mtu aliyekufundisha kazi anapofanya jambo dogo na la hovyo pembeni yako, shingo hukakamaa. Na ulicheka, ukaniandikia kwamba ulicheka, wakati ungeweza kuliruka hilo na mimi nisingejua. Kwa hiyo wewe si mwongo. Wewe ni mwoga, na ugonjwa huo una dawa.

Sasa huyo Kapteni wako. Unasema ana haki ya kumnyima mtu kiti bila sababu. Basi kwa nini alitoa sababu? Angesema, "Emmett, sikutaki humu ndani," ingekuwa roho mbaya, lakini ni haki yake. Alisema uzito kwa sababu aliona aibu, na alikuwa sahihi kuiona. Ila aliifuta aibu yake kwa neno ambalo nyinyi wawili hamna ruhusa kulichezea. Siku nikisimama getini na rubani akisema ndege ni nzito, nataka nirudi kukaa bila kubisha, hata kama kwetu kuna msiba. Mkianza kulitumia neno hilo kumkomoa mtu aliyewabishia juu ya donati, kesho atakayelisema kwa kweli ataitwa mwongo, na bosi atakuwa wa kwanza kumwita hivyo.

Najua kuna wasomaji wangu, wale wenye ofisi za ghorofa za juu, ambao hapa wamefurahi. Msifurahi. Baba yangu alifunga milango ya magari kiwandani Hamtramck mpaka vidole vikagoma kunyooka, na kila senti ya pensheni yake iliandikwa kwenye mkataba uliopiganiwa na chama. Nimesoma historia za migomo kuliko wengi wenu mlivyosoma taarifa zenu za faida, na sijaona popote bosi aliyeongeza mshahara kwa mapenzi. Ile nyongeza ya ghafla mliyokuja nayo na donati, ilikuwa wapi kabla sahihi hazijaanza kukusanywa? Mfanyakazi anayekaa theluji nzima bure na tai shingoni ameibiwa. Nataka chama hiki kishinde. Nakitaka kuliko huyo wa kamati aliyekupigia simu.

Na huyo wa kamati mwambie hivi: asikuite dada pale anapotaka uwongo. Marubani mia sita hawakutegemei udanganye. Wanakutegemea uwaeleze watapata nini wakipiga kura. Wale vijana wameuliza swali zuri kuliko yote katika kampeni yenu, nani atatulinda na makapteni wetu wenyewe, na nyinyi badala ya kulijibu mnatafuta namna ya kuthibitisha kwamba ndege ilikuwa nzito! Lijibuni. Andikeni kwamba chama chenu kitakuwa na sharti: rubani hanyimwi kiti kwa sababu ya maoni yake, wala kwa kura yake. Kapteni Roscoe awe wa kwanza kulisaini, kwa kalamu yake, mbele ya watu.

Emmett kuhusu bosi amekosea, na tena sana. Lakini mtu aliyekosea hesabu ya mshahara bado ana mtoto nyumbani. Anayetaka kura yake amshinde kwa hoja. Huwezi kumwacha mtu darajani, kisha ukamwambia chama ni undugu.

Fanya hivi. Usianze na Emmett, wala usianze na kamati. Nenda kwa Kapteni leo, uso kwa uso, siyo kwa simu. Mwambie, "Hesabu niliifanya mimi. Nafasi ilikuwepo. Nikiulizwa tena nitasema hivyo, na napenda uliseme wewe kabla sijaulizwa." Atakasirika. Mwache akasirike, usimjibu, usilie. Kisha nenda kwa Emmett umwambie kweli yako, pamoja na kile kicheko. Usimwombe kura. Ukimwomba kura hapo umeharibu kila kitu. Halafu mwandikieni jaji, wewe na Kapteni, kwamba mtu huyu hakukosa mahakamani kwa uzembe, alizuiwa na wenzake, na kama kuna nafasi kabla ya Aprili apewe.

Je, chama kinaweza kushindwa kwa sababu hiyo? Ndiyo. Sitakudanganya, nimekwisha kukukataza wewe kudanganya. Kikishindwa, mtakusanya sahihi tena, na safari hiyo mtakuwa na watu wanaowaamini. Kikishinda kwa uwongo wako, bosi ataugundua katikati ya mazungumzo ya mshahara, siku mnayomhitaji kila mmoja wenu, na atauweka mezani taratibu kama mtu anayeweka chumvi.

Jambo la mwisho. Umebadilisha majina, lakini uwanja mzima utawajua kabla kahawa haijapoa, na nadhani uliniandikia mimi ukitumaini gazeti litakusemea. Sikusemei. Jibu hili nakutumia Jumatatu. Gazeti linatoka Alhamisi. Ukiniambia nisiichape, barua yako naichana na hakuna atakayejua. Nijibu mwenyewe, kwa maandishi, ndiyo au hapana.

(Jibu lake lilifika jana, Jumatano: "Chapa. Nimemwambia Kapteni. Alinifukuza, kisha akanipigia simu. Anasema atasimama chumba cha mapumziko Alhamisi, kabla ya zamu ya kwanza, aseme kweli, na nisimsaidie kuongea. Emmett nimemwona. Nilipomtajia barua, aliniuliza aniandikie wapi anwani ya jaji, akaiandika mwenyewe.")